Kinywe Chetu na Magari ya Umeme

Dunia imeanza kuyaacha magari ya petroli na kuyashika ya betri. Pengine msomaji wa Mtwara atauliza: hayo yatuhusu nini sisi watu wa Kusini? Yatuhusu sana. Betri ya gari moja yataka makumi ya kilo za madini ya kinywe, na kinywe kimo katika ardhi ya Ruangwa, jirani na bandari yetu. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, kinywe cha Balama kimekwisha kusafirishwa hadi China na Marekani.

Tumekwisha kuonywa. Waingereza walitujengea reli ya karanga kwenda Nachingwea. Karanga zilipokosekana, reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Njia ya kuchukulia tu, mzigo ukiisha, hufa. Hata leo korosho zetu nyingi huvuka bahari na maganda yake, zikabanguliwe ng'ambo.

Je, kinywe nacho kipite hivyo mbele ya macho ya wafanyakazi wetu wa bandari? Hasha! Nguvu ya kuendeshea kiwanda haiko mbali: gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, yatoa umeme hapa hapa Mtwara. Basi kila mkataba na utaje kiwanda cha kukisafishia kinywe Kusini, na vijana watakaofundishwa kazi humo. Mali bila daftari hupotea bila habari.