Mlima Magara haupandwi kwa filimbi ya tabo

Februari 6, 2025, Simba ilipobanwa sare ya 1-1 na Fountain Gate pale Tanzanite Kwaraa, Babati, gumzo lilikuwa Ladack Chasambi, kijana wa Msimbazi aliyerudisha mpira kwa kipa wake ukazama wavuni. Aprili mwaka huohuo Yanga nayo ikatua Babati, ikaondoka na ushindi wa mabao 4-0, na watani wakapata cha kuongea wiki nzima.

Kisichozungumzwa ni safari ya kurudi nyumbani. Shabiki wa mtaa wa pili na uwanja akimaliza mechi anakwenda zake kunywa chai. Shabiki wa Mbulu au wa Katesh ndiyo kwanza anaanza kipindi cha pili. Mechi ya saa 10 alasiri inaisha jua linaelekea kuzama, na mbele yake kuna mlima.

Anayekwenda Hanang ana unafuu, lami ya Babati kwenda Singida inampeleka mpaka Katesh. Wa Mbulu hana ujanja, ni lazima apande ukingo wa Bonde la Ufa. Atapita Dareda na Dongobesh, au atazunguka Mbuyu wa Mjerumani aukwee mlima Magara. Kutoka usawa wa Ziwa Manyara, ambao hauzidi mita 1,000 juu ya bahari, anapanda mpaka Mbulu mjini, takriban mita 1,700. Ni kupanda kwa kweli huko, gari imejaa watu, bendera dirishani, na vuvuzela nyuma.

Katika misafara hiyo magari ya tabo yamejaa: Forester za vijana, Land Cruiser, Hiace na Coaster za dizeli. Na siku hizi kwenye gereji kuna ubishi unaokaribia ule wa Simba na Yanga. Westigeti ya ndani au ya nje? Kijana aliyetoka Arusha au Dar akirudi na gari inayopiga kelele kama baruti, wenzake wote wanataka ya nje. Kwa gari ya kubeba mashabiki katika barabara hizi, huo ni usajili mbaya. Ni sawa na kocha kumwacha kiungo mkabaji wake, akanunua mshambuliaji kwa sababu tu ana staili nzuri ya nywele.

Tabo inazungushwa na moshi wa injini. Moshi unatoka kwa nguvu, unasukuma pangaboi la upande wa ekzosi, na pangaboi hilo linazungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, dizeli au petroli nyingi zaidi inaungua, gari inavuta. Tatizo ni kwamba mchezo huu haujui kuacha. Moshi mwingi unaleta hewa nyingi, hewa nyingi inaleta moshi mwingi zaidi, mpaka kitu kipasuke. Westigeti ndiyo refa. Presha ikifika kiwango kilichowekwa, inafungua mlango na sehemu ya moshi inapita pembeni bila kugusa pangaboi.

Ya ndani ni kilango kidogo kilichomo kwenye nyumba ya tabo yenyewe, kinavutwa na fimbo kutoka kwenye kikopo chenye mpira na springi. Ya nje inasimama peke yake: inafungwa kwenye manifodi kabla ya tabo, ina valvu yake kubwa, springi yake na bomba lake. Wenye mbio wanaipenda kwa sababu inapitisha moshi mwingi na inashika presha bila kuyumba, hasa tabo ikiwa kubwa. Hapo hawajakosea. Gari ya kushindana iliyofungwa tabo kubwa kuliko ya kiwandani, bila ya nje ni kujitafutia msiba.

Lakini ni nani kati ya wanaopanda Magara na abiria ana gari ya aina hiyo? Mitsubishi Lancer Evolution, jina lililomfanya Tommi Mäkinen ashinde Safari Rally ya Kenya mwaka 1996, ilikuwa ikiuzwa kutoka kiwandani na westigeti ya ndani. Subaru Impreza WRX hali kadhalika. Kama waliotengeneza magari hayo waliona kilango cha ndani kinatosha kwa mteja wao, Forester ya kumpeleka mjomba Kwaraa inahitaji nini zaidi?

Watetezi wa ya nje wana hoja moja ya haki, na haifai kuipuuza. Kijana akikata sailensa na kuweka bomba pana, moshi unatoka kirahisi mno. Kilango cha ndani, hata kikifunguka chote, hakitoshi kuupitisha. Presha inaendelea kupanda huku geji ikitazama, kama timu iliyobaki pungufu inavyoachia nafasi upande mmoja. Kwenye injini ya petroli hapo ndipo pistoni zinapopasuka, na mtu anaambiwa injini imenoki wakati bado ana mkopo wa gari. Hoja ni ya kweli, ila dawa yake ya kwanza si kununua valvu ya nje. Rudisha sailensa. Asiyetaka, amtafute fundi anayejua kupanua tundu la kilango na kuhakikisha kinafunguka mpaka mwisho. Gharama yake haikaribii hata kidogo manifodi mpya, mabomba mapya na uchomeleaji.

Halafu kuna suala la hewa, ambalo wengi hawalifikirii. Mbulu mjini presha ya hewa iko chini ya ile ya Dar kwa karibu moja ya tano. Timu za pwani zikija ukanda wa juu huwa zinalalamika pumzi, na injini nayo inalalamika. Tabo inasaidia sana hapo, ndiyo maana gari yenye tabo inaipita isiyo nayo mlimani kama imesimama. Lakini ili ishindilie presha ileile kwa hewa nyepesi, lazima izunguke kwa kasi zaidi. Sasa fundi akikaza springi ili gari "iamke" huko juu, anaikimbiza tabo ambayo tayari inakimbia. Mchezaji anayehema hapewi mazoezi ya ziada.

Land Cruiser hardtop ya 1HZ ndiyo inayotia huruma kuliko zote. Injini hiyo ya lita 4.2 ilitoka Toyota bila tabo, na mgandamizo wake ni mkubwa, takriban 22 kwa 1. Watu wanaifunga tabo ya kununua ili ipande milima, na ikifungwa kwa kiasi, presha ndogo na dizeli iliyopimwa vizuri, inafanya kazi miaka. Hiyo haihitaji mbwembwe. Kilango cha ndani na springi laini vinatosha, pamoja na geji ya joto la moshi ambayo wengi wanaikwepa kwa kubana matumizi. Prado za injini ya 1KD hazimo hata kwenye ubishi huu, tabo yake ina mapezi yanayojigeuza na haina westigeti kabisa. Ukisikia fundi anataka kukuuzia ya nje kwenye hiyo, funga mlango wa gari uondoke.

Na ile kelele? Kwanza wengi wanachanganya. Ule mlio wa "pshhh" ukiachia mafuta unatoka upande wa hewa safi, hauhusiani na westigeti. Mlio wa westigeti ya nje ni ule wa kupasua masikio, pale bomba lake linapoachwa wazi badala ya kurudishwa kwenye ekzosi. Moshi huo una joto la kuyeyusha plastiki na kuchoma waya, na bomba likiishia vibaya unatafuta njia ya kuingia ndani kwa abiria. Ongeza vumbi na mitikisiko ya barabara za vijijini, kila kiungo kipya na kila gasketi mpya ni mahali pengine pa kulegea. Ya ndani haina viungo hivyo.

Wanaosema "ni gari yangu" wasahau kidogo pesa, wafikirie kona ya Magara saa mbili usiku. Injini ikizimika ghafla mlimani, msaada wa breki unakwisha baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito kama jiwe. Nyuma kuna watu waliolipa nauli wakaangalie mpira.

Kabla ya mechi ijayo ya Kwaraa, dereva afungue boneti injini ikiwa imepoa, aisukume fimbo ya westigeti kwa koleo aone kama inasogea na kurudi yenyewe. Imeganda kwa kutu, presha itapaa. Imelegea au kilango hakifungi, gari itakosa nguvu na utalaumu dizeli ya sheli. Aangalie pia bomba dogo la mpira linalopeleka hewa kwenye kikopo, maana likipasuka au likichomoka, refa hasikii kitu na mlango haufunguki. Kibomba hicho ni kifupi kuliko kamba ya kiatu cha Chasambi, na madereva wengi hawajawahi kukigusa tangu wanunue gari.