BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Maji ya tango na siku 7 za kungoja

Leo tuzungumze juu ya maji ya kunywa yaliyotiwa tango. Najua wengine watacheka. Watasema, "Bwana Shamba ameacha mahindi, sasa anatufundisha kunywa maji!" Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Juzi nilimtembelea mama mmoja mkulima wa mboga. Jua lilikuwa kali. Nilifika nimechoka na baiskeli yangu.

"Karibu, Bwana Shamba," alisema. "Kaa kivulini. Leo nitakupa maji ya kiungwana. Niliyaona kwenye harusi ya mwanangu mjini."

Akaleta jagi la kioo. Ndani mlikuwa na maji, vipande vya tango na vipande vya limau. Yalipendeza macho. Mjukuu wake alisimama karibu na kikombe chake, akingoja zamu yake.

Nikamwuliza, "Mama, tango hili umelitoa wapi?"

"Shambani kwangu. Nimelichuma asubuhi hii."

Moyo ukanishtuka. Siku 3 tu kabla ya hapo nilipita njiani nikamwona akipiga dawa ya wadudu katika matango yale yale. Kukataa maji ya mtu ni kumvunjia heshima. Lakini kunyamaza ni vibaya zaidi. Nikasema, "Mama, nisamehe. Maji haya tusiyanywe kwanza. Lete chupa ya dawa uliyopiga."

Akaileta. Tukasoma karatasi yake pamoja, neno kwa neno. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, kama wengi wenu. Maandishi yalikuwa madogo, lakini aliyafuata kwa kidole. Akafika mahali palipoandikwa kwamba mazao yasivunwe kabla ya siku 7 kupita. Akanyamaza. Kisha akachukua kikombe mkononi mwa mjukuu wake, akakiweka chini.

"Siku 7," akasema. "Mimi nimengoja 3. Mbona hukunieleza siku ile uliponifundisha kupiga dawa?"

Alisema kweli. Nilimfundisha kuchanganya dawa na kufunga kitambaa puani. Habari ya kungoja sikumweleza. Ndiyo maana leo naandika.

MBOGA

Kila dawa ya wadudu ina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna. Dawa hii ina siku 3, ile ina siku 7, nyingine ina siku 14 au zaidi. Usikisie. Soma karatasi ya chupa. Kisha andika tarehe ya kupiga dawa kwenye kibao, ukisimike mwanzo wa tuta. Watu wote wa nyumbani watajua.

Kuosha mboga ni kuzuri, lakini hakuondoi dawa yote. Nyingine huingia ndani ya ganda. Kungoja ndiyo kinga.

Tena, tango hulala chini. Hapo hupata udongo, samadi na maji ya bwawa, na vijidudu vya kuharisha hukaa humo. Tandaza nyasi kavu chini ya matango, au yapandishe kwenye miti. Ukishachuma, yaoshe kwa maji safi huku ukiyasugua kwa mkono, kisha yamenye.

Kabla ya kulitia tango katika maji, onja kipande kidogo cha upande wa kikonyo. Kikiwa kichungu sana, teme, na tango lote ulitupe. Uchungu ule unaweza kuumiza tumbo. Mara nyingi huja tango likipata jua kali na kukosa maji ya kutosha. Basi mwagilia vizuri.

Usitie majani ya mihogo katika maji ya kunywa. Yana sumu mpaka yatwangwe na kuchemshwa vizuri.

MAJI

Tango halisafishi maji. Limau nalo halitoshi kuua vijidudu. Maji machafu yakitiwa tango ni maji machafu yenye tango. Kwa hiyo anza na maji yenyewe.

Chuja maji kwa kitambaa safi. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, kisha uhesabu dakika 1 nzima. Kama unakaa milimani, juu ya mita 2,000, acha yatokote dakika 3. Yafunike yapoe.

Kama kuni ni shida, tumia jua. Chukua chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2. Ijaze maji yasiyo na tope, uifunge. Ilaze juu ya bati kwenye jua kali muda wa saa 6. Mawingu yakiwa mengi, iache siku 2.

Usitumie kamwe chupa au dumu lililokuwa na dawa ya shamba, hata ukiliosha mara 10. Litoboe, lisije likatumiwa na mwingine.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Tayarisha vitu hivi:
Maji safi yaliyopoa, lita 2.
Tango 1 la kiasi.
Nusu ya limau au ndimu 1.
Majani machache ya mnanaa, au kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba.

Fuata hatua hizi:
1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kisu na ubao. Usitumie kisu kilichokata nyama kabla ya kukiosha.
2. Osha mboga na limau. Menya tango.
3. Kata vipande vyembamba, utoe mbegu za limau ili maji yasiwe machungu.
4. Tia vipande katika jagi la kioo, au chombo cha udongo au cha plastiki kinachotumika kwa chakula. Usitumie ndoo ya bati wala sufuria ya shaba, kwa sababu ukali wa limau hula madini.
5. Mimina maji, funika, uweke mahali penye ubaridi saa 1 au 2.
6. Kunywa. Kisha kula vile vipande vya tango, usivitupe.

Kama huna jokofu, kaa na maji hayo muda wa saa 4 tu tangu kuyatengeneza. Yakibaki, mwagia miche. Tengeneza kidogo kila siku.

Kama huna tango, tia mchaichai. Huo uchemshe pamoja na maji, kisha uache yapoe.

FAIDA YAKE

Nisiwadanganye. Maji haya si dawa ya ugonjwa wowote. Sehemu kubwa ya tango ni maji matupu, na lishe iliyomo hutoka kidogo tu. Faida yake ni kwamba yanatamu bila sukari, na mtu hunywa maji ya kutosha. Soda nyingi zina kiasi cha gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Basi chupa ya mililita 300 ina gramu 30, yaani kama vijiko 7 vya chai. Jagi la maji ya tango halina hata kijiko kimoja.

Mtoto mchanga ambaye hajafikisha miezi 6 asipewe maji haya. Maziwa ya mama yanamtosha.

Mtoto akiharisha, usimtibu kwa maji ya tango. Mpe maji ya pakiti ya chumvichumvi ya zahanati. Kama pakiti haipo, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, na umpeleke zahanati upesi.

Sasa mtauliza, yule mama alifanyaje? Maji yale aliyamwaga shimoni. Akapaka chokaa kibao, akaandika tarehe kwa mkono wake mwenyewe, akakisimika shambani. Baada ya siku 7 kutimia nilirudi. Alikuwa amenitengenezea jagi jingine. Safari hii mjukuu alikunywa kwanza, mimi nikafuata. Maji yalikuwa matamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini Bwana Shamba hakunywa maji ya kwanza?
2. Nyumbani kwenu kuna chupa ya dawa ya shamba? Isome. Inasema ngojeni siku ngapi?
3. Maji yenu ya kunywa mnayasafishaje?

Wenu katika kilimo,
Bwana Shamba