Damu ya Mgonjwa Kabla ya Safari

Mkulima wa Mgeta aliyepatwa na saratani hushuka milima ya Uluguru hadi Morogoro mjini, kisha husafiri karibu kilomita 200 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao, kwa miaka mingi, wamevuka bahari kuifuata tiba hiyo hiyo. Wengi, hasa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi iwatoayo damu, hufika wakiwa wamepungukiwa damu, na mionzi haifanyi kazi yake barabara katika uvimbe usiopata oksijeni ya kutosha.

Vidonge vya madini ya chuma mara nyingi haviwafai wagonjwa hawa. Saratani huuchochea mwili kutoa kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, nayo huzuia chuma kisipite utumboni kuingia katika damu. Ndiyo maana wataalamu wakatengeneza chembe ndogo mno, zipimwazo kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita: kiini cha chuma kilichovikwa sukari, kiingizwacho mshipani kwa dripu, kikaachilia chuma chake polepole. Wako wanaodhani hizi ni ndoto za maabara za Ulaya. Sivyo. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanzia mkoani Morogoro, pamoja na wenzake wa Uswisi, iliijaribu dawa ya namna hiyo kwa akina mama 230 waliotoka kujifungua, huko Bagamoyo na Dar es Salaam. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba iliwarudishia damu vizuri kuliko vidonge. Kweli, hao hawakuwa wagonjwa wa saratani, wala dawa hii haiponyi saratani yenyewe.

Wala hatusemi kila aliyepauka apewe. Malaria, selimundu na dawa kali za saratani hupunguza damu kwa njia nyingine. Tena wako wachache ambao miili yao huikataa dawa hii, hata mgonjwa hulazimika kukaa chini ya macho ya muuguzi kwa nusu saa baada ya dripu.

Tunachokidai kwa Wizara za Afya, ya Bara na ya Visiwani, ni kipimo cha akiba ya chuma na dawa yenyewe viwepo daima katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro na ile ya Mnazi Mmoja, ili damu ya mgonjwa ianze kushughulikiwa siku ile ile aandikiwapo barua ya rufaa. Bei yake inapita ya vidonge, hatukatai. Lakini chupa ya damu nayo mara nyingi hutafutwa kwa ndugu, na ndugu wa mgonjwa wa Mgeta wamebaki mlimani.