Siasa za Dunia Zinakaa Eastlands

Binti wa Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, akisema anataka kusomea haki za wanawake na siasa za kimataifa, majibu huwa tayari kabla hajamaliza kueleza. Mjomba atauliza kozi hiyo inaajiriwa wapi. Jirani atasema hayo ni mambo ya Wazungu na ya akina mama wa mitaa ya kitajiri ya Karen na Runda. Mwenye ulimi mkali zaidi ataongeza kwamba mama mboga wa Kariobangi hajawahi kuuza sukuma wiki kwa maazimio ya Umoja wa Mataifa.

Maneno haya yana mvuto, maana wanaoyasema wanajua uchungu wa karo. Lakini yote yanaegemea dhana moja: kwamba siasa za dunia ziko Geneva na New York, na Eastlands ni mahali pa kutafutia riziki tu. Dhana hiyo haina msingi.

Tuanze na soko la Gikomba. Robota la mitumba linapokatwa kamba alfajiri, wenye pesa huwahi kamera, yaani zile nguo bora kabisa. Mwenye mtaji mdogo, na mara nyingi huwa mwanamke, husubiri fagia, mabaki yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi hizi nafuu ya ushuru chini ya sheria yake ya AGOA. Kenya ikalegeza msimamo 2017. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo.

Muuza fagia akaponea hapo, bila yeyote kumuuliza neno. Naye fundi wa cherehani katika kiwanda cha Athi River kinachouza nguo Marekani, ajira yake ilining'inia kwenye nafuu hiyohiyo. Wanawake wawili wa jiji moja, maslahi yao yakipishana, na kesho yao ikijadiliwa mbali nao. Nani alizungumza kwa niaba yao? Kulichimba swali hilo kwa ushahidi ndiyo kazi ya taaluma inayobezwa.

Wanaosema ni mambo ya Wazungu wamesahau Pumwani. Serikali ya kikoloni ilitaka Nairobi iwe mji wa vibarua wanaume: waje, wafanye kazi, wapewe nafasi ya kitanda, kisha warudi kwao mashambani. Wanawake walikuja bila kualikwa. Waliuza chakula na pombe, walipangisha vyumba, wengine waliuza miili, na wengi wakamiliki nyumba zao wenyewe Pangani na Pumwani. Machi 1922, umati ulipodai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mstari wa mbele akawapa wanaume changamoto waonyeshe ujasiri, na akauawa kwa risasi za askari. Umoja wa Mataifa ulikuwa bado haujazaliwa. Ulipoandaa mkutano wake mkubwa wa wanawake Nairobi, Julai 1985, ulikuta mji ambao wanawake wake walikuwa wamebishana na dola kwa zaidi ya miaka 60.

Historia ya wenye nyumba hao tunaisoma zaidi kwa Janet Bujra, aliyeiandika mwaka 1975, na Luise White, aliyetoa kitabu chake mwaka 1990. Ni kazi nzuri, lakini wote wawili walikuja kutoka ng'ambo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo anayekerwa na wageni kuandika habari za Majengo ya Pumwani ana sababu kubwa zaidi ya kumlipia karo binti wa Majengo.

Je, elimu hii imemfaa nani? Tazama cheti cha kuzaliwa. Kwa miaka mingi, mtoto wa mama asiyeolewa aliweza kupewa cheti ambacho penye jina la baba paliandikwa herufi X mfululizo, kwa sababu sheria ilitaka baba akubali kwanza. Mtoto alikwenda nacho shuleni, na kila mwalimu aliyeandikisha wanafunzi akakiona. Mwaka 1969 Bunge lilikuwa limefuta sheria iliyomwezesha mama wa aina hiyo kumdai baba matunzo. Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa; Grace Onyango wa Kisumu alishinda kiti baadaye mwaka huohuo.

Mizani ilianza kubadilika na Katiba ya 2010. Ibara ya 53 inawabebesha baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na Ibara ya 2(6) inaifanya mikataba ya kimataifa iliyoridhiwa na Kenya kuwa sehemu ya sheria za nchi. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba utaratibu ule wa vyeti ulikiuka Katiba. Vifungu kama hivyo vina wenyewe waliovihangaikia. Katika Tume ya Kurekebisha Katiba aliketi Wanjiku Kabira, profesa wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mtafiti wa maisha ya wanawake. Mama wa Dandora anayefuata cheti cha mwanawe leo huenda asilijue jina hilo kamwe, ila faida anaipata.

Wapinzani wana hoja moja ninayoikubali. Watafiti huingia Mathare na Majengo na hojaji, huchukua masimulizi ya watu, kisha matokeo huishia kwenye majarida ya Kiingereza ambayo aliyehojiwa hatayaona. Hiyo ni dhuluma, na vyuo vikuu vyetu vina deni. Dawa yake ni kuwataka watafiti warudi na matokeo, kwa Kiswahili, katika kumbi za mitaa kama ule wa Kaloleni, wakubali kuulizwa na kupingwa.

Kuhusu ajira, nafasi ni chache, lakini njia ipo. Maria Nzomo alifundisha siasa za kimataifa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaandika kuhusu wanawake na demokrasia, kisha akawa balozi wa Kenya Geneva. Si kila mmoja atafika huko. Hata hivyo, wasichana wa mitaa hii wanasaini mikataba ya kazi za ndani Saudi Arabia, ambako kwa miaka mingi mfumo wa kafala umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Tangu 2011 kuna Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Tunahitaji watu wanaouelewa mkataba huo na pia wanajua kwa nini dada wa Kayole hupanda ndege hata baada ya kusikia ya waliorudi na majeraha.

Swali la mjomba kuhusu ajira ni halali, na aliulize kwa kila kozi, uhasibu ukiwemo. Ila dai la kwamba mambo haya hayatuhusu, Gikomba na vyeti vya watoto wetu vimekwisha kulijibu.