Umeme wa Njia Moja ni Deni Lisiloandikwa Daftarini

Mfanyabiashara akipiga hesabu ya mtaji wake huandika kodi ya pango, mishahara, nauli ya mzigo, leseni na riba ya benki. Umeme nao huuandika, lakini upande mmoja tu: bei ya uniti. Upande wa pili, yaani siku ambazo umeme hautakuwepo, huachwa wazi. Maoni ya safu hii ni kwamba upande huo lazima ujazwe. Anayeweza kutusaidia kuujaza ni mtu ambaye wafanyabiashara wengi hawajawahi kumpigia hodi: mtafiti wa chuo kikuu anayesomea shahada ya uzamivu katika usalama na ulinzi wa mitambo ya nishati.

Msomaji asikimbie kwa kusikia habari za uzamivu. Maswali ya mtafiti huyo ni ya sokoni kabisa. Ni kitu gani kimoja ambacho kikiharibika vyote vinasimama? Kikiharibika kitachukua siku ngapi kurudi? Na siku hizo zote, nani analipa?

SOMO LA UNGUJA

Tuanze na mahali ambapo maswali hayo yalijibiwa kwa hasara. Kwa miaka karibu 30 Kisiwa cha Unguja kilipata umeme wa Gridi ya Taifa kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam hadi Fumba. Uwezo wake ulikuwa megawati 45. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima, na haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Watu wakashukuru kuwa yamekwisha. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza lilikaa mpaka Machi 2010. Hiyo ni miezi mitatu, tena miezi ya msimu wa watalii.

Kwa hoteli kubwa zenye jenereta lilikuwa suala la gharama ya dizeli. Kwa mfanyabiashara mdogo lilikuwa suala la kufunga au kutofunga. Samaki bila barafu hangojei mteja wa kesho. Fundi cherehani wa umeme, mwenye saluni, mwenye mashine ya kusaga na mwenye friji la soda, wote walisimama siku moja kwa sababu moja. Maji nayo yalipungua mabombani, maana pampu za maji huendeshwa kwa umeme huo huo. Aliyedhani hategemei umeme aligundua kuwa anautegemea kupitia kwa jirani yake.

Pemba haikuguswa. Wakati huo Pemba haikuwa imeunganishwa na gridi, ilikuwa na mitambo yake ya dizeli huko Wesha. Umeme huo ulikuwa ghali na ulikuwa na matatizo yake, lakini haukupita kwenye waya ule wa Fumba. Hapo ndipo panapopatikana tofauti ambayo hesabu ya kawaida haiioni: kuna umeme wa bei nafuu, na kuna umeme wa uhakika. Wa bei nafuu unaopita njia moja una deni ndani yake, na deni hilo siku moja hudaiwa lote kwa mkupuo.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme mwenye duka la vyakula vya baridi amekopa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Umeme ukiwepo anabaki na shilingi 30,000 kwa siku kabla ya riba. Akitumia jenereta ya kukodi anabaki na shilingi 12,000. Kwa siku 90 za umeme wa kawaida atapata shilingi 2,700,000, atalipa riba ya shilingi 450,000, na atabaki na shilingi 2,250,000. Kwa siku 90 za jenereta atapata shilingi 1,080,000, riba ni ile ile, na atabaki na shilingi 630,000. Faida imeshuka chini ya theluthi moja, na mtu huyo hakufanya kosa lolote la biashara. Benki haimuulizi umeme ulikuwepo au haukuwepo.

Wengine watasema kuna bima. Waisome tena hati yao. Kwa kawaida bima ya moto hulipa mali iliyoungua. Faida iliyopotea kwa sababu umeme umekatika mbali na duka lako hailipwi mpaka uwe umenunua nyongeza inayotaja jambo hilo waziwazi. Wengi hawana nyongeza hiyo kwa sababu hawakujua kuwa ipo.

TUMBILI NA MSUMENO

Kiswahili chetu hutumia neno usalama kwa mambo mawili ambayo watafiti huyatenganisha. Moja ni kujikinga na ajali: kutu, radi, mafuriko, uzembe, uchakavu. La pili ni kujikinga na mtu mwenye nia mbaya: mwizi, mhujumu, na siku hizi anayeingilia mitambo kwa kompyuta. Hili la pili afadhali tuliite ulinzi. Nchi jirani ya Kenya imetupa mfano mmoja wa kila upande.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mzigo ukaelemea mitambo mingine, nayo ikazima. Zaidi ya megawati 180 zilipotea na umeme ukakatika nchi nzima. Kampuni ya KenGen ilieleza kuwa vituo vyake vina uzio wa umeme dhidi ya wanyamapori. Tumbili mwenyewe alipona. Askari wa getini, hata angekuwa na bunduki mbili, asingezuia jambo hilo.

Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za chuma za njia kuu ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, na Kenya ikaingia gizani tena. Serikali ilisema nguzo zilihujumiwa. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Hapa wafanyabiashara wasikilize vizuri. Mwenye msumeno aliyekata chuma cha nguzo ni mmoja, lakini waliofungiwa biashara ni wote wanaonunua na kuuza vyuma, wakiwemo waliokuwa na leseni na waliolipa kodi. Udhaifu wa ulinzi kwenye nguzo uligeuka kuwa hasara kwenye mizani ya muuza vyuma mtaani.

Ukilinganisha matukio hayo mawili utaona kuwa dawa ya moja haiponyi jingine. Kumzuia tumbili si sawa na kumzuia mwizi. Lakini yana ugonjwa mmoja: kitu kimoja kilipoondoka, vyote vilikwenda. Wahandisi wana kanuni yake, huiita N-1. Maana yake ni rahisi. Hesabu vipande vyote vya mtandao, ondoa kimoja chochote, kisha uliza kama taa zinabaki zinawaka. Zikizima, mtandao haujakamilika, hata kama umezinduliwa kwa ngoma.

NJIA YA PILI NI IPI?

Zanzibar ilijifunza. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa kwa waya wa baharini kutoka Tanga. Mwaka 2013 Unguja ilipata waya wa pili wa megawati 100 kwa fedha za shirika la Serikali ya Marekani la Millennium Challenge. Hilo ni jambo la kusifiwa, na anayelibeza amesahau miezi ile mitatu.

Hata hivyo mwekezaji mwangalifu hasimami hapo. Waya huo mpya nao unatoka Ras Kiromoni na kuingia Fumba. Anayepima hatari atauliza: hizi ni njia mbili, au ni njia moja yenye milango miwili iliyopakana? Nanga ya meli, moto au hitilafu katika kituo cha nchi kavu haichagui waya. Tena kuna swali la hesabu. Megawati 100 zikiondoka na kubaki 45, kisiwa kitatosheka mradi mahitaji hayajazidi 45. Yakishapita hapo, waya wa zamani si akiba tena, ni kiraka. Kila hoteli mpya, kila kiwanda na kila jengo jipya la ghorofa linakula akiba hiyo kimyakimya bila mtu kutangaza. Akiba ya umeme ni kama akiba ya ghalani, huisha huku mlango umefungwa.

Kazi ya mtafiti wa uzamivu inaanza hapo. Huchukua tukio la mwisho, tuseme giza la kisiwa kizima, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua akiandika kila kilichoweza kulileta. Hupima muda wa kurejesha, na huhesabu nishati ambayo haikufika kwa mteja. Sisi tumezoea kuhesabu iliyofika tu. Miaka ya nyuma mtafiti wa Norway, Tanja Winther, alikaa kijiji cha Uroa akichunguza namna umeme ulivyobadili maisha ya watu, na kitabu chake kilitoka mwaka 2008, mwaka ule ule wa giza la kwanza. Kuja kwa umeme kumepata mwandishi wa kukaa kijijini na kusikiliza. Kuondoka kwake kunastahili uangalifu huo huo, tena kwa tarakimu.

PINGAMIZI MBILI

Pingamizi ya kwanza ni kwamba njia ya pili ni ghali na nchi zetu ni maskini. Ni kweli ni ghali. Lakini gharama ya njia moja haijafutika, imehamishwa tu. Imetoka kwenye bajeti ya shirika la umeme na kugawanywa kwa wananchi kwa vipande vidogo: jenereta ya Juma, samaki wa Mwanaidi, friji la Massawe. Vipande hivyo havikusanywi popote, ndiyo maana vinaonekana vidogo. Hatusemi kila kijiji kipate nyaya mbili. Tunasema zile njia chache ambazo zikikatika mji mzima unasimama zijulikane kwa idadi, na zianze hizo.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wakuu wa mashirika husema kuwa habari za udhaifu wa mitambo ni siri, na zikitolewa zitamfikia mhujumu. Hoja hiyo ina ukweli. Hakuna mwenye akili anayetaka ramani ya kila nguzo dhaifu ibandikwe ukutani. Lakini kuna tofauti kati ya mahali na muda. Mtafiti anaweza kuapishwa, akaona kumbukumbu za hitilafu, akaandika bila kutaja mahali. Umma unaweza kuambiwa umeme ulikatika saa ngapi, kwa sababu ya aina gani, na akiba iliyopo inatosha kiasi gani, bila kumpa mwizi chochote. Mwizi wa nguzo haihitaji ripoti, anaiona nguzo. Anayefichwa kwa siri ya namna hiyo ni mteja anayelipa.

LA KUFANYA

Kwa mfanyabiashara: anzisha daftari la giza. Andika tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, lita za mafuta ulizonunua, na bidhaa zilizoharibika. Baada ya mwaka mmoja utajua gharama halisi ya uniti yako, na utajua kama jenereta, betri za sola au nyongeza ya bima vinalipa. Chama cha wafanyabiashara kikikusanya madaftari 200 ya namna hiyo na kumpelekea mtafiti, kitakuwa na hoja yenye tarakimu mbele ya mdhibiti wa bei. Malalamiko bila tarakimu husikilizwa kwa heshima na kuwekwa kabatini.

Kwa mwekezaji mdogo: unaponunua hisa za kampuni yoyote inayotegemea umeme, iwe kiwanda cha saruji, bia au sigara, usisome ukurasa wa gawio peke yake. Tafuta panaposema siku za uzalishaji zilizopotea na gharama ya nishati ya dharura. Pasipokuwepo, simama katika mkutano mkuu uulize. Hisa moja inatosha kukupa haki hiyo. Na kama hisa ni za kampuni ya umeme yenyewe, kama waliojitokeza kwa wingi kununua za KenGen mwaka 2006, uliza swali la N-1: ni kipande kipi kikiondoka tunazima, na mpango wa kukiondolea upweke wake ni wa mwaka gani?

Kwa mashirika ya umeme: fungueni mlango kwa watafiti wetu wa ndani. Kijana wa chuo kikuu anayekaa miaka mitatu au minne juu ya tatizo moja ni mshauri wa bei nafuu kuliko wale wanaokuja kwa wiki mbili na kuondoka na ripoti. Akikuta kasoro, afadhali aikute yeye kuliko tumbili.

Soko husamehe mambo mengi, hata bei mbaya na msimu mbaya, lakini halirudishi siku ambazo duka lilifungwa. Wiki hii, kabla hujaongeza mzigo dukani au kununua hisa nyingine, kwanza uliza umeme wake unapita njia ngapi.