Mali ya Shimo Isilale na Watoto

Watu waandikapo juu ya nyumba nadhifu aghalabu huanza na makabati, rafu na visanduku, kana kwamba kila mwenye jamaa ana vyumba vya kugawa na kuta za kutundika apendavyo. Katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, kuanzia Kahama na Kakola mpaka Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa, ambako si ajabu mume, mke na watoto wao wanne kulala katika chumba kimoja cha kupanga, na mwenye chumba na sebule huhesabiwa kuwa amejaliwa, mpango wa nyumba hauwezi kuanzia hapo. Lazima uanze na swali ambalo wengi wetu hulikwepa: ni vitu gani vimepewa ruhusa ya kulala pamoja na watoto, na ni nani aliyetoa ruhusa hiyo? Rai yangu ni kwamba kazi ya kwanza ya kuitengeneza nyumba yenye watoto wadogo ni kutoa nje mali ya shimo la dhahabu na mali ya shamba, na kwamba kazi hii ni ya baba kabla ya kuwa ya mama.

Wazee wa Usukuma walikuwa na mali nyingi kuliko tunavyodhani, lakini hawakulala juu yake. Kaya ya zamani, iliyozungushiwa ua wa minyaa, ilikuwa na zizi la ng'ombe, vihenge vya mtama na uwele, mahali pa kupikia, malazi ya wazazi na malazi ya vijana, na shikome, yaani pale penye moto wa jioni ambapo wazee waliketi na vijana kuwafundisha mambo ya dunia. Mtoto atambaaye alikuwa na uwanja mzima uliofagiwa asubuhi, ambamo aliweza kuanguka na kuinuka chini ya macho ya bibi yake. Mpango ule haukuandikwa katika kitabu. Ulikuwa umo katika umbo la kaya yenyewe. Dhahabu ilipowaita watu, mchimbaji alihamia na jamaa yake katika kibanda cha turubai, kisha, mambo yalipomnyookea, katika chumba cha tofali za kuchoma kilichoezekwa bati, na kazi zote ambazo kaya iliziweka mbalimbali zikaingia chini ya paa moja: ghala, jiko, karakana, genge la mama la nyanya na dagaa, na malazi. Inama utazame mvunguni mwa kitanda cha chumba cha namna hii, utaona njia zote za riziki ya jamaa ile: nyundo na tindo, viroba vya mawe yanayongoja zamu ya karasha (mashine ya kuyasaga), gunia la mpunga, dumu la mafuta ya taa, nguo za mitumba zisizomtosha tena yeyote, na kando yake, katika kichupa kidogo cha plastiki kilichofungwa kwa kitambaa, zebaki.

Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Kila mchimbaji mdogo aijua kazi yake: jiwe likishasagwa na unga wake kuoshwa mwaloni, yaani pale wachimbaji waoshapo dhahabu, hutiwa zebaki nayo ikaikamata dhahabu, donge likakamuliwa kwa kitambaa, kisha likachomwa motoni mpaka dhahabu ikabaki peke yake. Lakini ile zebaki haikwisha. Imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu, ukaingia katika mapafu ya walio karibu, ukashika katika nguo, godoro na ukuta, na sehemu yake ikapoa na kuwa tena vitone vidogo vinavyojificha katika nyufa za sakafu. Hata isipochomwa, zebaki iliyoachwa wazi hutoa mvuke kidogo kidogo kwa joto la kawaida la chumba, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, yule atambaaye sakafuni au alalaye juu ya mkeka yumo hatarini kuliko yule aliyesimama. Shirika la Afya Duniani limeihesabu zebaki miongoni mwa kemikali kumi zinazotia hofu kubwa kwa siha ya umma, kwa sababu hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na ubongo wa mtoto mchanga, au wa yule aliyemo bado tumboni mwa mamaye, ndio usioweza kujikinga. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ikaeleza habari za wale wanaoishika zebaki kwa mikono mitupu na wale wanaouvuta mvuke wake dhahabu ichomwapo.

Ulimwengu umekwisha kulipa thamani kubwa kwa elimu hii. Katika mji wa Minamata, huko Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakawala samaki. Na maradhi yale yalipotangazwa rasmi Mei 1956, miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kuripotiwa walikuwa wasichana wawili wadogo wa nyumba moja. Baadaye walizaliwa watoto wenye viungo na akili zilizodhurika ilhali mama zao walionekana wazima. Mkataba wa dunia juu ya zebaki uliitwa kwa jina la mji huo. Ulipitishwa 2013, ukaanza kutumika Agosti 2017, na Tanzania ikauridhia 2020. Naomba msomaji azingatie jambo moja lililomo katika kiambatisho chake kihusucho wachimbaji wadogo: miongoni mwa matendo ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha, limetajwa wazi tendo la kuchoma dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu. Kwa hiyo baba achomaye donge lake juu ya jiko la mkaa ambalo mkewe atalipikia uji wa mtoto asubuhi, anatenda lile ambalo taifa lake limeahidi kuliondoa.

Simlaumu kana kwamba hana sababu. Amebeba dhahabu yake nyumbani kwa hofu ya wezi, kwa hofu ya mwenzi asiye mwaminifu katika duara, yaani shimo la kuchimbia, na zamani kwa hofu ya kukamatwa njiani na mali ambayo hakuwa na mahali halali pa kuiuza. Lakini tangu Machi 2019, lilipofunguliwa soko la madini la Geita, na mengine yakafuata, sababu hii ya mwisho imepungua nguvu sana. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni mazoea, na mazoea ya mtu mzima hayana haki ya kukaa katika damu ya mtoto. Mwenye kulazimika kutumia zebaki aiache mwaloni, achomee huko, mbali na watu na upande upelekao upepo pasipokuwa na mtu, na kwa chombo cha kufungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, chombo ambacho mafundi wa vyuma wanaweza kukitengeneza na ambacho humrudishia mwenyewe sehemu ya fedha yake. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia ndani, zifuliwe mbali na nguo za watoto. Na ikiwa zebaki imemwagika chumbani, isifagiliwe kwa ufagio, kwa maana ufagio huigawa iwe vitone vingi zaidi. Watoto watolewe, mlango na dirisha vifunguliwe, na vitone vikusanywe taratibu kwa karatasi ngumu na kutiwa katika chombo chenye maji na kifuniko.

Upande wa Shinyanga, ambako watu wengi wangali wakulima wa pamba, kuna ndugu wa hatari hii. Viuadudu vya pamba huhifadhiwa uvunguni au darini, na chupa zikiisha huoshwa zikatiwa mafuta ya kula, maziwa au maji ya kunywa. Chupa ya sumu haioshwi ikawa safi. Itobolewe, wala isionekane tena katika nyumba. Kadhalika dumu la mafuta ya taa lisifanane na dumu la maji, maana mtoto wa miaka miwili hasomi maandishi. Yeye hujua umbo na kiu yake.

Yakishatoka hayo, ndipo tuyasemee makabati. Katika chumba ambacho watoto watatu hulala mkekani, mara nyingi utakuta kabati la vioo limejaa hotipoti, chupa za chai, seti za vikombe na sahani za maua ambazo hazijawahi kupakuliwa chakula, zikimngoja mgeni ambaye labda atakuja sikukuu. Wako wanaume wanaovicheka vyombo hivi, nami siungani nao. Mama amevipata katika sherehe ya kuagwa kwake au katika mchezo wa kupeana vyombo na wenzake. Ni akiba yake na heshima yake, na katika maisha ya machimboni, ambamo mume aweza kufuata habari ya dhahabu mpya akapotea miezi sita, ni katika vitu vichache ambavyo mke aweza kusema ni vyake. Inafaa wanaume wakumbuke kwamba katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mke aipangaye nyumba, basi, si mtumishi katika mali ya mwingine. Lakini kwa heshima hiyo hiyo namwomba mama aipime upya akiba yake: vyombo vya kutosha mgeni mmoja na jamaa yake vibaki, vingine viuzwe, na thamani yake iwekwe katika hisa za kikundi cha akiba au katika mbuzi aliye kwa wazazi kijijini. Akiba ya namna hiyo huzaa, nayo haimnyimi mtoto pahala pa kunyoosha miguu.

Watu wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa na mgeni namna ya kutenga pahala. Tangu zamani walikuwa na ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili ndama na maksai wapate nyasi wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilidhoofu, nchi ikawa jangwa, na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulipowarudisha watu katika hekima yao wenyewe, miti ikaota tena katika hekta zaidi ya 300,000. Chumba cha jamaa nacho kinahitaji ngitili yake: kipande cha sakafu, hata kama ni upana wa mkeka mmoja, ambacho hakiwekwi kiroba, hakiwekwi jiko, hakiegeshwi pikipiki usiku, kwa sababu ni cha watoto. Kipande hicho kikishajulikana, mengine hufuata kwa wepesi. Misumari ya nguo ipigwe chini, mahali mkono wa mtoto wa miaka minne unapofika, naye ataitundika sare ya dada yake na fulana yake mwenyewe kwa fahari. Nguo zilizowabana zitolewe kwa jirani kila mwisho wa muhula, zisirundikwe. Chandarua kisifungwe fundo na kusahauliwa juu ya kitanda cha wazazi ilhali wa mkekani wameachwa nje, kwa maana mikoa hii ni katika ile inayosumbuliwa sana na malaria. Kamba mbili zaidi na misumari minne hutosha kukitandaza cha pili. Ndoo za maji zifunikwe, kwani mtoto aanzaye kusimama huweza kuzama hata katika ndoo. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto, hata siku ya mvua. Na michezo ya watoto haitaki fedha: gari la mabua, ng'ombe wa udongo na mpira wa makaratasi vinatosha kabisa, navyo vikichakaa hutupwa bila ya ugomvi.

Lakini baba na mama hawawezi kuyatimiza haya peke yao maadamu hawana pahala pengine pa kuweka mali yao ya kazi. Mwenye nyumba ajengaye vyumba kumi vya kupangisha na asijenge hata kibanda kimoja cha stoo chenye kufuli, amewalazimisha wapangaji wake kulala na viroba. Mwenye mwalo asiye na kisanduku cha chuma cha kuhifadhia zebaki ya wachimbaji, amewatuma waende nayo kwa watoto wao. Na serikali za mitaa zina neno la kujibu. Sensa ya 2022 iliwahesabu mkoani Geita karibu watu milioni 3 na mkoani Shinyanga zaidi ya milioni 2.2, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto. Halmashauri zilizo jirani na migodi mikubwa hupokea ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mauzo, na tangu sheria ya madini iliporekebishwa 2017, migodi hupanga pamoja nazo miradi ya kuwafaa wananchi. Madarasa na zahanati zimejengwa kwa fedha hizo, nasi twashukuru. Sasa nawaomba waheshimiwa madiwani wa Geita, Msalala na Kahama, watakapoketi kupanga bajeti ijayo, waweke fungu la nyumba ya kuchomea dhahabu na ghala la kufuli katika kila mwalo wenye leseni, na waandike katika sheria ndogo zao kwamba nyumba ya kupangisha jamaa isiyokuwa na stoo ya nje haitapewa kibali cha ujenzi.