Cabramatta: Mtaa uliochoka kusimuliwa na wengine

WAPIGA kura wa jimbo la uchaguzi la Fowler, kusini magharibi mwa jiji la Sydney nchini Australia, walikishangaza Chama cha Labor Mei 21, 2022 walipomkataa mgombea wake, Kristina Keneally, na kumchagua Dai Le, mgombea binafsi aliyefika nchini humo utotoni akiwa mkimbizi kutoka Vietnam.

Labor ilikuwa imekishikilia kiti hicho tangu jimbo hilo lianzishwe mwaka 1984. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 mgombea wake alipata karibu asilimia 64 ya kura katika hesabu ya mwisho, na Fowler ilihesabiwa kuwa miongoni mwa majimbo yake salama.

Maelezo ya haraka yaliyotolewa baada ya matokeo hayo yalikuwa mawili. La kwanza ni uamuzi wa chama kumleta Keneally, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi wa New South Wales, kutoka upande wa pili wa jiji, wakati mbunge aliyekuwa akistaafu, Chris Hayes, alikuwa amempendekeza Tu Le, mwanasheria kijana ambaye ni binti wa wakimbizi wa Kivietnam.

La pili ni makali ya masharti ya ugonjwa wa Uviko-19 mwaka 2021. Eneo la Halmashauri ya Fairfield lilikuwa miongoni mwa yaliyobanwa zaidi mjini Sydney, na mwezi Agosti mwaka huo askari wa jeshi walipelekwa kuwasaidia polisi kuhakikisha watu wanabaki majumbani. Kwa wazee walioikimbia nchi yao baada ya vita, mwanajeshi anayebisha hodi mlangoni si jambo la kawaida.

Maelezo hayo yote ni sahihi, lakini hayatoshi. Anayetaka kuelewa kilichotokea Fowler hana budi kukitazama kitongoji cha Cabramatta, kitovu cha maisha ya Wavietnam wa Sydney, na mvutano wa zaidi ya miaka 30 juu ya swali moja: nani mwenye haki ya kuusemea mtaa huo?

Cabramatta iko kiasi cha kilometa 30 kutoka katikati ya Sydney. Ina wakazi wapatao 21,000, na takriban thuluthi moja yao wamezaliwa Vietnam. Katika barabara ya John, pembeni ya kituo cha treni, vibao vya maduka vimeandikwa Kivietnam na Kichina, na mboga, samaki na vitambaa hupangwa hadi nje ya milango. Kwenye uwanja wa Freedom Plaza limesimama lango kubwa la mtindo wa Kiasia, ambalo limekuwa nembo ya mtaa.

Hakuna aliyepanga kwamba mtaa huo uwe hivyo. Baada ya Saigon kuanguka Aprili 30, 1975, wakimbizi walianza kutoka Vietnam Kusini kwa njia yoyote iliyopatikana. Mashua ya kwanza kufika Australia, iliyokuwa na vijana watano, ilitia nanga Darwin Aprili 26, 1976. Kati ya mwaka huo na 1981, watu 2,059 waliingia moja kwa moja kwa mashua. Wengine wengi zaidi walisafirishwa kwa ndege kutoka kambi za Malaysia, Thailand, Indonesia na Hong Kong, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Malcolm Fraser.

Waliofikishwa Sydney waliwekwa katika hosteli za wahamiaji, zikiwamo za Villawood na Cabramatta, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya wahamiaji kutoka Ulaya. Walipotoka humo walipanga nyumba jirani, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, viwanda vilikuwa karibu na ndugu walikuwa hapo hapo. Wanawake wengi walianza maisha kwa kushona nguo nyumbani kwa malipo ya kila kipande, cherehani zikinguruma katika vyumba na mabanda ya magari hadi usiku.

Hapa ipo kejeli ya historia. Gough Whitlam, Waziri Mkuu aliyesita kuwapokea wakimbizi hao mwaka 1975, mwenyewe alikuwa na nyumba Cabramatta, na leo maktaba ya mtaa huo, yenye vitabu vya Kivietnam kwa ajili ya wazee na wajukuu zao, inaitwa kwa jina lake.

Tangu mwanzo wageni hao walilazimika kusikia habari zao zikielezwa na watu wengine. Sera ya kuwabagua wahamiaji wasio Wazungu ilikuwa imefutwa rasmi mwaka 1973, lakini hofu haikufutwa. Mwaka 1996 Pauline Hanson, katika hotuba yake ya kwanza bungeni, alidai kwamba Australia ilikuwa hatarini kumezwa na Waasia. Waswahili husema akutukanae hakuchagulii tusi.

Kisha likaja janga la heroini. Katika miaka ya 1990 Cabramatta ilijulikana nchi nzima kuwa soko la dawa hizo, na wanunuzi walifika kwa treni kutoka kila pembe ya Sydney. Magenge ya vijana, lililovuma zaidi likiwa 5T, yalitawala baadhi ya vichochoro. Septemba 5, 1994 mbunge wa jimbo la Cabramatta katika Bunge la New South Wales, John Newman, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Phuong Ngo, diwani wa zamani, alitiwa hatiani mwaka 2001 kwa mauaji hayo na kufungwa maisha.

Kwa magazeti na televisheni, huo ndio ukawa wasifu wa mtaa mzima. Mama aliyeshona mashati usiku kucha na mwuza heroini wa kituoni waliwekwa katika sentensi moja. Uchunguzi wa Bunge la New South Wales kuhusu polisi wa Cabramatta, uliohitimishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba malalamiko ya wakazi na ya baadhi ya askari hayakuwa yamesikilizwa kwa wakati. Wenye mtaa walikuwa wamesema. Hawakuwa na masikio ya kuwasikia.

Ni katika mazingira hayo sanaa ya mtaa ilipata uzito wake. Mwaka 1994 mtambo wa zamani wa umeme wa Casula, katika eneo jirani la Liverpool, ulifunguliwa kama kituo cha sanaa, na kwa miaka mingi ukawapa nafasi wasanii wa asili ya Kivietnam, ikiwamo katika maonyesho makubwa ya mwaka 2009 yaliyohusu vita na athari zake. Kwa mara nyingine, jengo ambalo wenye jiji hawakulihitaji tena likawa mali ya wahamiaji.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa filamu mbili zilizotoka karibu wakati mmoja. Mwaka 2003 Khoa Do, kijana aliyefika Australia akiwa mtoto mchanga katika mashua, alikuwa akiwafundisha utengenezaji wa filamu vijana wasio na makazi wa Cabramatta. Mafunzo hayo yakazaa filamu ya The Finished People, ambamo vijana hao waliigiza maisha yanayofanana na yao, kwa fedha kidogo mno. Mwaka 2005 Do alitangazwa kuwa Kijana Bora wa Australia.

Mwaka huo huo wa 2005 ilitoka Little Fish, filamu yenye bajeti kubwa iliyosimulia habari za Cabramatta na heroini, mhusika wake mkuu akiigizwa na Cate Blanchett. Ni filamu iliyosifiwa, na mwigizaji wa asili ya Kivietnam, Dustin Nguyen, alipewa nafasi muhimu. Hata hivyo tofauti inaonekana. Katika filamu ya kwanza mtaa ni watu. Katika ya pili mtaa, kwa kiasi kikubwa, ni mahali ambapo mambo ya watu wengine yanatokea.

Itakuwa kosa kudai kwamba sanaa ndiyo iliyoishinda heroini. Soko hilo lilivunjwa na sheria mpya na polisi zaidi, na pia na uhaba wa heroini ulioikumba Australia yote mwanzoni mwa mwaka 2001. Kilichofanywa na sanaa ni kitu kingine: iliwapa wakazi lugha ya kueleza yaliyowapata, baada ya kamera za habari kuondoka.

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, kwa sababu ukimya haukuwa wa nje tu. Katika familia nyingi wazazi hawakusimulia yaliyotokea baharini wala makambini, na watoto hawakusimulia yaliyotokea mitaani. Vizazi viwili viliishi chini ya paa moja, kila kimoja kikimlinda mwenzake kwa kunyamaza.

Riwaya mbili za miaka ya karibuni zimeugusa ukimya huo. The Coconut Children ya Vivian Pham, iliyochapishwa mwaka 2020, inawafuata vijana wa Cabramatta ya mwaka 1998. Mwandishi alianza kuiandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, katika mradi wa uandishi kwa vijana. All That's Left Unsaid ya Tracey Lien, ya mwaka 2022, inahusu kijana aliyeuawa mgahawani mwaka 1996 mbele ya mashahidi ambao wote wanadai hawakuona kitu.

Inafaa kuangalia kilichowezesha kazi hizo. Hazikuzaliwa na kipaji pekee, bali na maktaba iliyo wazi, ukumbi usio na kodi kubwa, mwalimu anayejitolea na ruzuku ndogo ya halmashauri au serikali. Zilizaliwa pia na asasi ambazo wageni wenyewe walijijengea: mahekalu, makanisa, shule za lugha za mwisho wa wiki na magazeti kama Viet Luan, lililoanzishwa mwaka 1983. Tamasha la Mwezi la kila mwaka, linalojaza barabara za Cabramatta kwa makumi ya maelfu ya watu, limesimama juu ya msingi huo huo.

Wala jamii hiyo haina sauti moja. Mwaka 2003 shirika la utangazaji la SBS lilipoanza kurusha taarifa za habari za televisheni ya serikali ya Vietnam, maelfu ya Wavietnam wa Australia waliandamana, wakisema hawakuikimbia serikali hiyo ili waje kuisikiliza sebuleni. SBS ililazimika kusitisha matangazo hayo. Hadi leo bendera ya njano yenye mistari mitatu myekundu, ya nchi ambayo haipo tena, hupeperushwa kila Aprili 30. Kwa wazee ni alama ya uhuru. Wapo vijana wanaouliza kama ndiyo njia pekee ya kuwa Mvietnam.

Mvutano huo si udhaifu. Jamii inayobishana hadharani kuhusu alama zake imekwisha kuvuka hatua ya kusubiri kuelezwa ni nani.

Kwa mtazamo huo, matokeo ya Fowler hayakuwa ajali. Dai Le hakuanzia kwenye siasa; alikuwa mwandishi wa habari na mtayarishaji wa vipindi katika shirika la ABC kabla ya kugombea ubunge wa Cabramatta katika uchaguzi mdogo wa mwaka 2008, akashindwa, na baadaye kuwa diwani wa Fairfield. Labor iliwaona wapiga kura hao kama hesabu ya kudumu. Ilisahau kwamba mtaa huo ulikuwa umetumia miongo miwili kujifunza kujisemea.

Septemba 2022 Dai Le alisimama bungeni kutoa hotuba yake ya kwanza akiwa amevaa ao dai, vazi refu la Kivietnam, lililoshonwa kwa mfano wa bendera ya Australia. Wapo waliolipenda na wapo waliolikejeli. Lakini kwa jamii iliyoanza maisha kwa kushona mashati ya watu wengine, maana yake haikuhitaji mkalimani.

Katika uchaguzi wa Mei 2025 Labor ilibadili hesabu na kumsimamisha Tu Le, yule yule aliyerukwa miaka mitatu kabla. Dai Le alikitetea kiti chake. Jambo la msingi, hata hivyo, ni kwamba ushindani mkuu ulikuwa kati ya wanawake wawili wa asili ya Kivietnam, jambo ambalo mwaka 1996 lisingefikirika.

Hata hivyo ushindi huo una mtihani wake. Fairfield bado ni miongoni mwa maeneo ya kipato cha chini mjini Sydney. Chakula cha Cabramatta sasa kinawavuta watalii, na ni rahisi kwa mtaa uliowahi kuuzwa kama hatari kuuzwa upya kama sahani ya tambi. Watoto waliosoma wanahamia vitongoji vingine, na Kivietnam chao hakifiki kile cha bibi zao. Ruzuku za sanaa ndizo huwa za kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Suala hili haliwahusu Wavietnam peke yao. Tangu miaka ya 2000 Australia imewapokea pia wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, baadhi yao wakitokea kambi za Kigoma, nchini Tanzania, na wengi wao wakizungumza Kiswahili. Nao wanaanza pale pale: kodi nafuu, kazi ngumu, na habari zao kuandikwa na wengine.

Cabramatta inawafundisha kwamba kura ilikuja mwisho. Kabla yake palikuwa na maktaba, ukumbi, gazeti na kamera ya kuazima mikononi mwa vijana. Serikali inayowapokea wakimbizi na kuwanyima vitu hivyo kwa hoja kwamba ni anasa, isishangae baadaye inapopata majibu yake kwenye sanduku la kura.